Dawa ya Matangi na Busaa ya Mama Mkwe

Nimeosha matangi ya bia kwa miaka ishirini na miwili na sijapika bia hata siku moja. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Nyinyi vijana mnaopika bia kwenye ndoo, jikoni kwa mama zenu, mnanijia mkidhani nilikuwa mpishi mkuu pale kiwandani Kisumu. Sikuwa. Nilikuwa yule mtu wa ovaroli na gambuti anayeingia kwenye tangi tupu na brashi mkononi, na kutoka pale tu ambapo tangi halinuki kitu chochote. Sisemi linukie vizuri. Nasema lisinuke kabisa. Likinukia sabuni, kazi bado.

Juzi mmoja wenu aliniletea chupa. "Mzee, onja kidogo uniambie imekosa wapi." Sikuhitaji kuonja. Niliifungua tu, siki ikanipanda puani. Nikamuuliza, ule mpira wa kumiminia uliuweka wapi ulipokuwa unaosha ndoo? Akanijibu kwa kujiamini, "Kwa floor, lakini floor nilikuwa nimepiga deki." Nikacheka hadi nikakohoa, maana jibu hilo nilishalitoa mimi mwenyewe miaka ya themanini ikianza, na aliyeniuliza hakucheka hata kidogo.

Aliyeniuliza alikuwa Bwana Wandera, msimamizi wetu wa usafi, Msamia wa Port Victoria. Mimi Mjaluo, yeye Msamia, kwa hiyo kazi yote tuliifanya kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Alikuwa mfupi, mpole, asiyepandisha sauti, na nyinyi mnajua msimamizi asiyepandisha sauti anavyotisha. Alinikuta nimemaliza tangi, najipangusa jasho kwa kiburi, mpira umelala sakafuni na mdomo wake uko ndani ya kidimbwi cha maji.

"Hii tanki umeosha?"

"Nimeosha, Bwana Wandera."

"Na hii mpira?"

"Iko safi. Hata floor nimeosha."

Akainama, akauokota ule mpira, akanielekezea mdomo wake. "Basi kunywa hapa."

Nilimtazama nikidhani anatania. Alikuwa ameushika tu, ananisubiri.

"Kama wewe hutaki kunywa," akasema, "mbona unataka bia ndiyo ikunywe?"

Sikunywa. Niliosha mpira, nikaosha ndoano ya kuutundika, nikarudi kwenye tangi na kulianza upya. Wenzangu walivua gambuti wakaenda zao, wakanipungia mkono kwa huruma ya uongo. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu sikuwahi kulaza mpira chini, na hata huku nyumbani mke wangu akiacha mwiko mezani naushika na kuusimamisha kwenye kikombe. Ananiambia nimeharibika, na ni kweli.

Maneno ya Bwana Wandera yalikuwa machache, ila aliyarudia mpaka ukayaota. La kwanza: uchafu kwanza, dawa baadaye. Dawa ya kuua vijidudu haiui kilichojificha chini ya uchafu. Ukimwaga klorini juu ya ukoko uliokauka, umeosha ukoko, na walio chini yake wanaendelea na maisha yao. Kwa hiyo sugua kwanza, suuza, angalia kwa tochi, pitisha kidole, nusa, halafu ndiyo dawa. Na dawa haitaki haraka. Iache ikae, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa. Maji ya bomba ambayo hujui yamepita wapi usiyaamini. Na usichanganye dawa mbili kwa kudhani zitasaidiana. Niliwahi kumwona mtu akitolewa mbio chumba cha kuoshea, machozi yanamtoka, kwa kosa hilohilo.

La pili: usikwaruze. Chombo kilichokwaruzwa hakioshiki. Kwenye ule mkwaruzo, ambao wewe huuoni, vijidudu wana vyumba na milango. Kwa plastiki tumia kitambaa laini. Waya wa kusugulia sufuria ubaki kwenye sufuria. Hili la pili lishikeni vizuri, kwa sababu mimi nililisikia kila wiki na bado likaniaibisha mbele ya mtu niliyemheshimu kuliko wote duniani.

La tatu ni la roho yako: usiinamishe kichwa ndani ya chombo kinachochachuka, kiwe tangi au pipa. Ile hewa inayotoka humo haina rangi, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba anaanguka.

Basi, niliyafahamu hayo, nikajiona profesa. Lakini kulikuwa na chumba kimoja pale kiwandani ambacho sisi wa gambuti hatukuingia. Kilikuwa na mlango wake, na watu wake wa koti jeupe. Ndimo ilimokuwa inafugwa chachu. Bia ilichemshwa upande mmoja, ikapozwa, na mahali fulani kwenye mabomba watu wa koti jeupe wakaitia chachu yao. Sisi tuliona bomba tu. Kwa akili yangu, bia ilikuwa ni usafi: safisha kila kitu, ua kila kitu, chemsha kila kitu, na bia itatokea yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hivyo ndivyo nilivyomshauri mama mkwe.

Sasa nyinyi mliozaliwa mjini itabidi niwaeleze. Mke wangu, Dorsila, ni wa Asembo Bay, kando ya ziwa. Kwetu wakati ule, na kwa wengi hata leo, mtu na mama mkwe wake waliheshimiana kwa umbali. Simpi mkono. Sili mbele yake wala yeye hali mbele yangu. Jikoni kwake siingii kabisa, chumbani usitaje. Ukikutana naye njiani, mmoja anapisha. Tukiwa na neno la kuambiana, linapita kwa Dorsila. Na kubwa zaidi, alichosema mkwe hakipingwi. Mkwe akisema mvua inatoka ardhini kwenda juu, mama mkwe anajibu, "Mwambie asante."

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, na busaa yake, pombe ya unga wa mahindi, ilijulikana pwani yote ile. Watu waliokuja Asembo kununua samaki waliondoka wakiitaja. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kiwandani na nilitaka nionekane, mwaka mmoja nilimpelekea zawadi: pipa kubwa la plastiki la buluu, lenye mfuniko, nililolinunua soko la Kibuye. Dorsila akaniambia mama amefurahi sana. Nikavimba kichwa. Nikasema sasa ataachana na ile mitungi ya udongo ya kizamani.

Kumbe ndivyo alivyofanya. Mtungi wake aliupeleka kwa wifi yake, nyumba ya tatu kutoka pale, akaanza kupika kwenye pipa la mkwe. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke msafi, kila akimaliza alilisugua ndani kwa mchanga wa ziwani, kama alivyosugua sufuria zake, mpaka ling'ae.

Mnaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Mwaka huo paa la nyumba yake lilikuwa limechoka. Nyasi zimeoza upande wa magharibi, na msimu wa masika unakaribia. Kule kwetu mjane hakodi fundi. Anaita saga, yaani majirani wanakuja siku moja, wanafanya kazi yote kwa pamoja, na yeye anawaondolea njaa na kiu kwa chakula na busaa. Busaa ikiwa nzuri, paa linakwisha kabla ya saa kumi. Busaa ikiwa mbaya, watu ni watu: mmoja anakumbuka ng'ombe wake, mwingine mgongo unamuuma. Mama mkwe aliita saga ya kwanza mwezi wa kwanza. Watu wakaja, wakabomoa nyasi za zamani upande ule mbovu, wakakaa kupumzika, wakaletewa busaa. Ilikuwa siki tupu. Wakanywa mafunda mawili kwa adabu na mmoja mmoja akaaga. Nyumba ikabaki imevuliwa nusu, imefunikwa turubai.

Dorsila aliniletea habari hiyo analia. "Mama hajawahi kuharibikiwa na pombe. Tangu nizaliwe. Watu wameanza kusema ni mkono umeoza."

Alikuwa amepata kibali kingine cha chifu, maana wakati ule hukupika bila karatasi. Karatasi ilisema Jumamosi moja tu, wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Baada ya hapo mvua. Wimbi la kimea, yaani ulezi, lililobaki ghalani lilitosha kupika mara mbili, labda. Nikamwambia Dorsila, mama asijali, hili ni jambo la kitaalamu. Nikamwandikia maagizo kwenye karatasi, nikampa na chupa ya klorini. Pipa lioshwe kwa dawa. Mwiko na chujio vilowekwe kwenye dawa. Maji yachemshwe. Na kimea, nikaandika na kukipigia mstari, kichemshwe nacho, dakika thelathini, kabla ya kuchanganywa.

Wale mnaojua busaa mmeshashika vichwa. Wacha niwaeleze wengine. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku mbili tatu uchachuke kidogo. Kisha unakaangwa juu ya bati kwenye moto hadi uwe chenga za kahawia, zinanukia mkate. Moto ule unaua karibu kila kitu. Halafu chenga zinatiwa maji na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa juani na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza unga kuwa sukari, na ndicho kinachokuja na chachu yake mgongoni, pamoja na ile iliyojishika kwenye mwiko na mtungi. Ukikichemsha umekiua mara mbili: hakigeuzi unga, na hakina chachu. Mimi, mtu wa kiwandani, nilikuwa nimemwagiza mwanamke aliyepika busaa miaka arobaini apike uji.

Alijua. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Alisoma maagizo, au alisomewa, akajua kwamba si kweli. Akasema, "Mwambie asante," na akafanya kila nilichoandika.

Jumapili kabla ya ile Jumamosi, Dorsila alirudi Kisumu kutoka kwa mama yake. Alikaa kitini bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Haijachachuka," akasema.

"Ngoja kidogo."

"Baba Atieno, ni siku ya tatu. Iko kimya kama maji ya kisima. Na juu imeweka ngozi nyeupe, inanuka."

"Mama anasemaje?"

"Mama anasema asante."

Nilijua hapo kwamba kuna kitu hakijasemwa. Nikamwambia Dorsila, mimi ni mumeo, niambie. Akavua kitambaa cha kichwa. Kisha yakamtoka yote: kimea hakichemshwi, mama alijua, na lile pipa tangu lianze kusuguliwa kwa mchanga lilikuwa linageuza pombe kuwa siki, na mama alijua hilo pia, lakini angeliachaje pipa la mkwe? Angepikaje kwenye mtungi mwingine wakati pipa liko mlangoni linaonekana? "Ingekuwa kama amekutukana," akasema Dorsila. "Ni afadhali nyumba inyeshewe."

Jumatatu nilimfuata Bwana Wandera kwenye chumba cha chai. Nilimweleza yote, nikitarajia anionee huruma. Alisikiliza, akaweka kikombe chini, mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

"Omolo," akasema, "umeua wezi, umeua na askari. Sasa nyumba ni safi, haina mtu. Si mwizi wa kwanza atakayepita ataingia?"

"Lakini wewe ulinifundisha kuua."

"Mimi nilikufundisha kuosha. Kila siku nakuambia tank ni yetu, chachu ni ya wale. Nyumba ikishakuwa safi, unamleta mwenye nyumba haraka, anajaza viti vyote. Huyo mwingine akija anakuta hakuna mahali pa kukaa." Akapangusa macho. "Na hiyo pipa. Imesuguliwa na nini?"

"Mchanga."

Akaacha kucheka. "Na mimi nilikuambia nini kuhusu kukwaruza?"

Aliniambia niombe siku nne za ofu na atanishikia zamu yangu. Nilipokuwa natoka akaniita tena. "Usiende kumfundisha," akasema. "Nenda kumpa ruhusa."

Jumanne jioni nilikuwa Asembo pamoja na Dorsila. Njiani nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake, mikwaruzo na joto na nini. Nilipofika uani na kuona lile turubai juu ya nyumba limeshikwa na mawe, na lile pipa la buluu mlangoni, limeng'arishwa, limefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kama kiti cha mgeni, maneno yote yaliniisha. Nilimwambia Dorsila aende amwambie mama hivi: Omolo amekosea. Kimea hakichemshwi. Pipa hili lina mikwaruzo, nimeleta kitu kibaya, na naomba kuanzia leo liwe la kunyweshea ng'ombe. Naomba mama apike kwa mtungi wake na kwa njia yake.

Dorsila aliingia jikoni. Nilikaa nje, mgongo ukiwa umeelekea ukuta wa udongo, nikasubiri. Alichelewa. Akatoka.

"Anasema asante."

"Hiyo asante ya kweli au ile nyingine?"

Dorsila akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Ya kweli. Ameshatuma mtu akalete mtungi."

Sasa mtazame anavyofanya kazi mtu anayejua kazi. Unga alikuwa ameshaukanda Jumatatu asubuhi, kabla sijafika na kabla hajajua nitasema nini. Alikuwa ameamua kushikilia tumaini lolote lililobaki. Mtungi ulipokuja hakuutia sabuni wala dawa. Aliusuuza kwa maji ya moto, akaulaza juu ya moshi wa majani, mdomo chini, mpaka ukakauka kabisa. Wifi yake akaleta na kibuyu kidogo cha mama kilichokuwa kinaning'inia juu ya meko, ndani yake machicha makavu ya pombe iliyopita. Hiyo ndiyo ilikuwa chachu. Alikuwa na chumba chake cha koti jeupe siku zote, kiko juu ya meko, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu.

Kimea alikipekua kwa mkono, konzi kwa konzi. Pale kilipokuwa na ukungu wa kijani alikitupa mbali, hakuwapa hata kuku. Vijana, hili msilifanyie mchezo. Nafaka yenye ukungu haiokolewi kwa kuchemsha, kukaanga wala kuomba. Hata kama ndiyo ya mwisho ghalani, na ile ilikuwa ya mwisho, tupa.

Jumatano walikaanga. Nilisikia bati likikwaruzwa na harufu ikanifikia kule nje. Walipokuwa wanapoza chenga kabla ya kuchanganya, Dorsila alitumwa kwa jirani kuomba kung'uto la kuchujia. Nikabaki mimi upande huu wa ukuta na mama mkwe upande ule, na katikati hakuna wa kupeleka maneno. Nilikohoa ili ajue nipo. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, inazungumza Kidholuo kana kwamba inazungumza na meko.

"Ora," akasema, yaani mkwe wangu. "Kule kwenu kazini, zikishapoa mnafanyaje?"

Nilijibu huku nimetazama ziwani. "Tunafunika, mama. Wakati huu ndio mbaya kuliko yote, ikiwa imepoa na haijaanza kuchachuka. Kitambaa kilichochemshwa, kifungwe kwa kamba. Na mwiko usiguse chini."

"Mwiko nimezoea kuuweka juu ya gunia."

"Ungekunywa kutoka kwenye lile gunia, mama?"

Niliposema hivyo niliona nimevuka mpaka. Halafu nikasikia akicheka, kicheko kifupi cha puani, na sauti ya mwiko ukitundikwa kwenye msumari.

"Na mnajuaje imekubali?" akauliza.

"Kuna mashine, mama. Ina mshale."

"Mimi nasikiliza," akasema. "Kesho asubuhi itakuwa inanong'ona kama watoto waliofichwa. Isiponong'ona, nyumba yangu basi."

Dorsila akarudi na kung'uto, na hatukusema neno jingine.

Alhamisi asubuhi niliketi palepale. Nilisikia kitambaa kikifunguliwa. Sitawaficha, niliomba Mungu kama mtu aliye hospitalini. Baada ya muda Dorsila alichungulia mlangoni. "Mama anasema ule ukuta hauna masikio mazuri, sogea kwenye dirisha." Nikasogea, uso nimegeuzia nje, sikio ndani. Nikaisikia. Sauti ndogo, nyingi, haikatiki. Nilikuwa nimefanya kazi ya bia miaka sita na sikuwahi kuisikia bia ikianza, kwa sababu kule ilikuwa nyuma ya chuma na huku ilikuwa nyuma ya udongo tu. Nililia kidogo. Siku hizi nalia kwa habari za redio, lakini wakati ule nilikuwa kijana mgumu.

Jumamosi walikuja watu ishirini na kitu. Mimi sikuruhusiwa kupanda juu, mkwe hapandi paa la mama mkwe wake, kwa hiyo nilibaki chini nikifunga matita ya nyasi na kuyarusha kwa waliokuwa juu, na kutaniwa. Saa sita wakaletewa busaa. Nilimtazama wa kwanza aliyeinua kibuyu, mzee mmoja mvuvi aliyeondoka mapema kwenye ile saga ya mwezi wa kwanza. Alikunywa, akanywa tena. "Huyu mama amerudi," akasema, na akapanda ngazi. Hakuna aliyeumwa mgongo siku ile. Walifunga ufito wa mwisho kileleni kabla ya saa tisa na nusu.

Mvua ikaja saa kumi, kutoka ziwani, bila salamu. Wote wakakimbilia ndani ya nyumba na vibuyu vyao. Mimi nikabaki chini ya ukingo wa paa, nimejibana ukutani. Mama mkwe alikuwa ndani, nyumba imejaa, na ningeingia tungekuwa karibu mno. Gambuti zangu nilikuwa nimeziacha Kisumu. Maji yakanianza miguuni, yakapanda.

Kelele za ndani zikapungua. Nikasikia sauti yake, safari hii si ya chini, kila mtu aliisikia.

"Mwambieni ora aingie. Mimi nitatazama ukuta."

Watu wakanipisha. Nikaingia, nimeinamisha kichwa. Alikuwa kwenye kigoda upande wa mbali, ameugeukia ukuta kweli, mgongo wake mwembamba ndani ya gauni la kanisani alilolivaa kwa ajili ya siku ile. Nikakaa, nikaugeukia mlango. Mtu akanitia kibuyu mkononi. Mvua ilikuwa inapiga nyasi kwa nguvu zote, na wote mle ndani tulikuwa tumeinua nyuso juu, kimya, tunangoja tone la kwanza. Halikuanguka. Hata upande wa magharibi, pale nyasi zilipokuwa zimeoza, halikuanguka.

Kibuyu kilikuwa mikononi mwangu. Miaka yote ile, nimeoa kwake, nimemletea pipa, nimemfundisha kazi yake, na sikuwahi kuonja busaa ya mama yule hata funda moja. Haikuwezekana mbele yake. Nikakishika tu.

"Kunywa, ora," akasema ukutani. "Siangalii."

Nikanywa.